Reli ya zamani isizikwe

Mwandishi mmoja anasema reli ya kati ya zamani ipumzishwe kwa kuwa SGR, reli mpya ya kisasa, imeshafika Dodoma. Hapana, ndugu yangu. SGR naipenda sana, ya umeme na ina kasi. Lakini ile ya zamani, yenye upana wa mita moja kati ya vyuma vyake, iliyofika Kigoma 1914, ndiyo inayosimama vituo vidogo. Pale kituo cha Saranda abiria ananunua kuku dirishani, mama anapandisha gunia lake la mpunga. Hata treni ya Pugu, mkombozi wa watu wa Dar kwenye foleni, inapita juu ya reli hiyo hiyo! Serikali ianzie kipande cha Kilosa–Gulwe, ambako mafuriko yanakong'oa tuta la reli: iinue njia, ipanue makalavati ya kupitisha maji chini ya reli, ibadilishe mataruma yaliyochoka, yale yanayobeba vyuma vya reli.