Tiketi ya ziada nje ya Fenway Park

Timu ya ligi kuu ya besiboli Marekani hucheza nyumbani mechi 81 kwa msimu. Aliyenunua tiketi za msimu mzima ana kazi na watoto, na siku nyingine anaugua. Mara zote 81 hafiki. Au rafiki aliyekuwa aje naye amepata udhuru, na yeye yuko langoni na tiketi mbili. Akimuuzia mtu aliyesimama hapo kwa bei aliyonunulia, sioni kosa lolote. Kiti ambacho kingebaki kitupu kimepata shabiki.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Uwanja wa Fenway Park wa Boston, uliofunguliwa 1912, hauingizi hata watu 40,000, na kuanzia 2003 hadi 2013 wenyeji wake, timu ya Red Sox, walikuwa wakimaliza tiketi kila mechi ya nyumbani. Penye uhaba wa namna hiyo, mlanguzi hahitaji kuipenda besiboli. Ananunua mapema, anazificha, kisha anamngoja baba aliyesafiri na wanawe na kumtajia bei ambayo baba huyo, mbele ya watoto, hawezi kuikataa. Wapo pia wa tiketi bandia: umelipa taslimu, lango limekukataa, ukigeuka muuzaji hayupo.

Sheria ya Massachusetts, jimbo lenye mji wa Boston, inamtaka mfanyabiashara wa tiketi awe na leseni, wala asizidishe zaidi ya dola 2 juu ya bei iliyoandikwa, mbali na gharama za huduma. Hizo gharama za huduma ndizo tundu walimopitia wengi. Mwaka 2007 ligi yenyewe ikaingia mkataba na StubHub kuwa soko lake rasmi la kuuziana tiketi mtandaoni. Watetezi husema soko hilo humfaa pia mnunuzi, kwani jioni ya baridi mwezi Aprili bei huweza kushuka chini ya ile ya awali. Ni kweli. Ila mechi kubwa zinapofika, kilekile alichofukuziwa mtu wa barabarani kinafanywa kwa ada na nembo. Mimi nadhani kinachopaswa kubanwa ni bei, popote anaposimama muuzaji.

Red Sox wenyewe waliwahi kutenga sehemu karibu na lango mojawapo, mashabiki wauziane kwa bei iliyoandikwa au chini yake, na mnunuzi aingie uwanjani papo hapo. Sharti hilo la mwisho ndilo lililomfungia mlanguzi njia: tiketi ikishapita langoni, hana tena cha kuuza.