Usimpigie honi mzee yule

Jumapili nilisimama kando ya barabara karibu na Vernon, Normandy, Ufaransa, kutazama magari ya miaka zaidi ya mia na ishirini yakielekea Rouen. Unayasikia kabla hujayaona. Silinda moja inagonga polepole, kisha De Dion-Bouton, gari la kale la Kifaransa, inachomoza kwenye kona, dereva amekaa juu, hana kioo mbele, upepo wote usoni. Nyuma yake kijana mwenye gari jipya akabana honi. Akaibana mpaka mzee akasogea ukingoni, gurudumu likaingia majanini, injini ikazimika.

Nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka.

Tarehe 22 Julai 1894 gazeti la Le Petit Journal liliandaa shindano la magari yasiyovutwa na farasi, Paris hadi Rouen. Aliyetangulia kufika ni de Dion mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa De Dion-Bouton, na gari la mvuke. Zawadi ya kwanza akanyimwa, maana gari lake lilihitaji mtu wa pili wa kuchochea moto, na waamuzi walitaka chombo kisichomsumbua mwendeshaji. Zawadi hiyo wakagawana Peugeot na Panhard et Levassor, wenye injini za petroli. Gari alilokalia yule mpiga honi ni mjukuu wa uamuzi ule.

Kuna wanaosema magari haya yawekwe makumbusho yasizuie watu. Moshi yanatoa, sikatai, na wenye nayo wengi wana fedha. Lakini gari lililokaushwa tangi na kuzungushiwa kamba linakufundisha nini? Kibao kitakupa mwaka na jina la kiwanda. Hakitakuonyesha kwamba kabla ya kuzungusha hendeli ya kuwashia injini lazima urudishe nyuma wenzo wa cheche, unaopanga cheche ipigwe lini, la sivyo injini inapiga kinyume na kukuvunja kifundo cha mkono. Ujuzi huo unakaa mikononi, na mikono ikikosa kazi miaka ishirini, umekwisha.

Naujua uchungu wake. Marehemu babu yangu, kule mjini Moshi, alikuwa na Land Rover ya hendeli. Alinifundisha nikiwa mdogo: kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake, kisiikumbatie hendeli, ikirudi ghafla kitavunjika. Alipofariki tuliiuza kwa kilo, chuma chakavu. Leo hakuna mtoto kwetu anayejua kuliwasha gari la namna ile, na kosa hilo ni letu sote.

Basi mzee wa Vernon akashuka, akainama mbele ya gari, akashika hendeli. Nikatazama kidole gumba chake. Kilikuwa pale pale alipokiweka babu.

Juu kitini alibaki msichana wa miaka kama kumi. Mzee akasema neno, msichana akausogeza wenzo wa cheche nyuma bila kuutazama, hendeli ikazunguka mara mbili, injini ikaitika.