Mbwa mzee na swali la getini

Jumamosi moja asubuhi, katika kituo cha kuhifadhi wanyama ninakojitolea nje kidogo ya Nairobi, baba mmoja aliyekuja na wanawe wawili alisimama mbele ya banda la mwisho. Ndani mlikuwa na jike wa rangi ya kahawia, mdomo umeshaingia mvi, amejilaza juu ya gunia. Alipowaona aliinuka, kwanza miguu ya mbele, akapumzika kidogo, kisha ya nyuma ikafuata. Akasogea hadi kwenye waya akitikisa mkia. Yule baba akamtazama, akaniuliza, "Huyu bado anabweka?"

Nikamweleza ukweli: mara chache, akisikia pikipiki. Akashukuru, akawashika wanawe mikono, wakaelekea kwenye mabanda ya watoto wa mbwa.

Simlaumu. Kwetu mbwa wengi wana kazi, na kazi yenyewe iko getini. Mtu anayekuja kuchukua mbwa mara nyingi anatafuta mlinzi, na mbwa wa miaka kumi ulinzi umeshamshinda. Mzigo huu wa mbwa wazee hata hivyo unaongezeka. Jike yule aliletwa baada ya familia yake kuuza ploti na kuhamia gorofani, kwa landilodi asiyetaka wanyama. Wengine huachwa mwenye mbwa akifariki. Wengine ni wa wageni waliomaliza mkataba wa kazi. Kumpeleka mbwa nchi za Umoja wa Ulaya kutoka Kenya kunahitaji chipu ya utambulisho chini ya ngozi, chanjo ya kichaa cha mbwa, kipimo cha damu kinachochukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha kungoja miezi 3 tangu damu ilipochukuliwa. Aliyepewa notisi ya mwezi mmoja hujikuta uwanja wa ndege peke yake.

Je, inafaa kuhangaika kumtafutia mbwa kama huyu nyumba ya kudumu? Wapo wenzangu wanaosema hapana, na si watu wakatili. Baadhi yao wameokoa mbwa wengi kuliko mimi. Hoja yao ya kwanza ni ya hesabu, na ni nzito. Jike asiyefungwa kizazi hupata joto mara mbili hivi kwa mwaka na hubeba mimba kwa siku 63 hivi. Fedha zinazomtibu mzee mmoja viungo na meno zingewafunga kizazi majike kadhaa ambao watoto wao wataishia jalalani. Kuna pia suala la kichaa cha mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huo kufikia 2030, na hilo linahitaji kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Vituo vyetu vinaishi kwa michango. Shilingi iliyonunua dawa ya maumivu haiwezi kununua chanjo.

Hoja ya pili inamhusu mbwa mwenyewe. Mzee ameshazoea harufu ya mahali, sauti ya mlishaji, saa ya chakula. Wengine akili huanza kupotea: huzunguka usiku, husimama kwenye kona wakitazama ukuta. Ukimhamisha unamwondolea kile kidogo alichobaki akikitambua. Halafu familia inachoka, inamrudisha, na anahama mara ya pili. Hili nimeliona, na mbwa anayerudishwa hukaa siku kadhaa bila kula.

Kwenye hesabu ndipo ninapoachana nao. Hesabu yao inamchukulia mbwa asiyetafutiwa nyumba kana kwamba hana gharama. Yule jike alikaa bandani miezi 8. Alikula kila siku, na baridi ya Julai ilipoingia kwenye sakafu ya saruji viungo vilizidi kuvimba, dawa ikaongezwa. Banda lake lingeweza kupokea jike kijana na watoto wake. Anayetaka nafasi na fedha vipatikane ana njia mbili tu, nyumba au sindano ya mwisho. Basi anayepinga nyumba aseme waziwazi kwamba anapendekeza sindano, tujadili hilo.

Na sindano sikatai. Maumivu yakishindikana, figo zikizima, mbwa akigeuza uso mbele ya chakula, kumwacha aendelee ni ukatili. Nimeshika kichwa cha mbwa wa namna hiyo hadi mwisho na sijutii. Lakini mbwa anayeinuka kuja kukusalimu, ambaye kosa lake ni kwamba hakuna aliyemuulizia, huyo siwezi kumtia kwenye fungu hilo.

Kuna pia mambo ambayo wanaochagua hawayajui. Mtoto wa mbwa chotara ni fumbo, hujui atakuwa mkubwa kiasi gani wala mpole kiasi gani. Mzee ameshamaliza kukua, tabia yake unaiona leo leo, na mara nyingi ameshajifunza kutochafua ndani. Hata uzee wenyewe tunaukadiria vibaya. Mbwa wa umbo kubwa huhesabiwa mzee kuanzia miaka 7 hivi, wakati mdogo wa umbo hufika 10 akiwa bado anaruka. Wageni wengi walipita banda la yule jike wakisema ni kipofu kwa sababu ya wingu la buluu machoni. Siku moja daktari wa mifugo alichuchumaa mbele yake, akaachia kipande cha pamba kianguke. Pamba haina sauti, haina harufu ya chakula. Jike akaifuata kwa macho hadi ikatua chini, kisha akamtazama daktari. Kioo cha ndani ya jicho hukakamaa kwa umri na kuonekana na ukungu wa buluu, na mbwa huendelea kuona vizuri tu. Mtoto wa jicho ni jambo jingine, na huelekea weupe.

Lakini upande wangu nao una kosa, nalo ndilo linaloharibu kazi yetu zaidi. Tunaficha. Tunamwogesha mbwa, tunampiga picha penye jua, tunaandika "ana miaka 6". Umri wa mbwa mzima hukadiriwa kwa meno, na mbwa aliyefungwa mnyororo na kuutafuna husagika meno mapema, kwa hiyo tunaweza kukosea hata bila kudanganya. Kudanganya ni jingine. Mbwa aliyewahi kuugua homa ya kupe anaweza kubaki nayo mwilini miaka mingi, na siku moja akatokwa damu puani. Familia iliyoambiwa humkimbiza kwa daktari, na isiyoambiwa humrudisha kituoni ikiwa na hasira. Ningekuwa na uwezo, kila mbwa mzee angetoka na karatasi moja: magonjwa yake, dawa kwa mwezi ni shilingi ngapi, anaogopa nini. Na hapaswi kupewa mtu anayetaka mlinzi, hata akibembeleza, kwa kuwa mbwa huyo ataishia kulala getini kwenye mvua.

Wasemao kuhama kunamuumiza mbwa wana haki, ila muda wa kuhama una mwisho. Kipimo kinachotumiwa na vituo vingi ni siku 3 za kushtuka, wiki 3 za kujifunza utaratibu, miezi 3 ya kupaona kuwa ni kwake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa mzee siku ya tatu ndiyo kwanza anatoka chini ya meza.

Kwa Pwani huwa naambiwa nisijisumbue, kwamba Waislamu hawachukui mbwa. Mambo si mepesi hivyo. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mafundisho hayohayo yana habari ya mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi. Kinachokatazwa na wengi ni mbwa ndani ya nyumba. Ua wenye kivuli na bakuli lake mwenyewe ni jambo linaloweza kuzungumzwa, na kwa mbwa mwenye viungo vibovu joto la Kilifi ni afadhali kuliko sakafu yetu ya saruji.

Njia ninayoiunga mkono ni ulezi wa kudumu: familia inalisha na kutunza, kituo kinalipia maradhi yaliyokuwapo na kuahidi kwa maandishi kumpokea mbwa tena iwapo mlezi atashindwa. Wapinzani watasema gharama haijaisha. Haijaisha, lakini banda limefunguka.

Makubaliano ya namna hiyo ndiyo yaliyotatua ubishi wa mwisho juu ya yule jike. Mwalimu mstaafu wa miaka 71, mjane anayeishi Ngong, alimtaka, na baadhi yetu tukasita: je, akitangulia yeye? Tukaandika kwamba mbwa atarudi kwetu, mpwa wake akaweka sahihi. Siku ya kumchukua, mama yule aliketi kwenye benchi na daftari mapajani. Suala la kubweka hakuligusa. Aliniuliza analala saa ngapi.

"Saa moja jioni, mama. Ila huamka saa tisa usiku kwenda haja."

Akaandika. "Saa tisa hata mimi huwa macho," akasema, kisha akauliza kama ngazi zake mbili za mlangoni zitamsumbua, na kama akitandika mkeka zitakuwa na utelezi.