Hoteli za Miami, mmezidi!

Jamani, hoteli za katikati ya jiji la Miami zinatukamua sisi tunaosubiri meli za utalii! Bandari unaiona dirishani, ila usafiri wa kufika huko ujitegemee. Kuegesha gari usiku mmoja, dola 50 na ushee. Lami yao ya dhahabu? Halafu kuna ile ada ya lazima: intaneti, chupa mbili za maji, ukumbi wa mazoezi ambao hujaukanyaga. Tangu Mei 2025 kanuni za Marekani zinawataka waonyeshe bei kamili mapema. Haya, wanaionyesha, kututoza wameacha? Na pesa za dhamana wanazizuia kwenye kadi, unapanda meli mfukoni mkavu. Chumba unapewa saa kumi jioni, saa tano asubuhi wanakutaka utoke. Tumelipia usiku mzima au kipande?