Niliandikwa huru, ila kongwa nililivaa mwenyewe

Wapendwa, mi nimeokoka tangu 2009 na kwa miaka mingi baada ya hapo niliogopa kuliko nilivyokuwa naogopa kabla sijaokoka. Nasema wazi maana najua tupo wengi.

Nilikuwa na chupa ya mafuta ya upako kwenye pochi, nyingine chini ya mto, chumvi nimemwaga mlangoni, stika ya mtumishi nyuma ya simu. Kila kilichoharibika, kazi, posa iliyovunjika, hata kuibiwa kwenye daladala, naambiwa kuna laana ya ukoo haijavunjwa, basi navunja, nafunga siku 7, natoa sadaka ya ukombozi, mwezi haujaisha inatajwa nyingine ya upande wa mama. Alafu siku moja kwenye maombezi nikaambiwa kuna mwanamke upande wa baba yako, mtu mzima, mweusi, anapenda vitenge, huyo ndo kakufunga. Jamani nani hana shangazi wa hivo? Lakini mi nilimjua palepale, au nilidhani nimemjua, nikaacha kwenda kwa shangazi yangu Same miaka 5. Shangazi niliyekaa kwake likizo zote za shule ya msingi. Akinitumia maharage na viazi kwenye basi nilikuwa namwambia kijana wa basi abaki navyo, kwangu havikuingia jikoni.

Kilichonifungua sio ibada kubwa wala nabii. Ni Jumatano moja jioni kwenye kanisa la nyumbani, watu 8 sebuleni, tunasoma Wagalatia 5 mstari wa kwanza, Biblia ile ya Union Version: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Nimeusikia mstari huo mara ngapi sijui. Mzee mmoja mzaliwa wa Unguja akauliza, wanangu mnajua kongwa ni nini? Sisi tunaijua Kongwa ya Dodoma. Akatueleza kwamba ni ule mti wenye panda waliokuwa wanafungwa mateka shingoni wakiswagwa kutoka bara mpaka pwani. Na ungwana hapo sio adabu, ni hali ya mtu ambaye hana bwana anayemmiliki. Na kuandikwa huru lilikuwa jambo linalofanyika kweli, bwana anamwachia mtumwa wake na anamwandikia hati.

Akaendelea kutusimulia ya kwao Mkunazini, kwamba soko la watumwa lilifungwa 1873 na kanisa la Anglikana likajengwa palepale, madhabahu yake inasemekana iko ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Ila kufungwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa, ulikaa kisheria mpaka 1897, na hata hapo aliyetaka uhuru wake ilibidi aende mwenyewe mahakamani akauombe, na wengi hawakwenda, nyumba anayolala ni ya bwana, shamba analokula ni la bwana, aende wapi? Yule mzee alikuwa anaongea taratibu tu lakini mi mwili ulinisisimka, kwa sababu nilijiona. Sheria ipo, hati ipo, na mtu bado anaamka asubuhi anasubiri kutumwa.

Sisemi uchawi haupo, nimekulia Upareni na sitajifanya sijui watu wanaogopa nini. Ninachosema, Paulo barua ile aliwaandikia watu ambao tayari wanamwamini Kristo, na kulikuwa na walimu wanawaambia Kristo peke yake hatoshi, ongezeni na tohara. Sisi tunaambiwa ongeza mafuta, ongeza maji, ongeza kitambaa. Ni maneno yaleyale. Kama msalaba umemaliza, ni deni gani la bibi wa bibi yangu ambalo bado linasubiri elfu 50 yangu?

Na hili linaniuma mpaka leo. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa na shida za kweli, magonjwa, ndoa, madeni, watoto. Mi ningekuwepo siku ile ningekimbia nao, najijua nilivyokuwa. Kwa hiyo sitaki kusikia mtu akiwasema vibaya, ila wanaofundisha kwamba damu ya Yesu inahitaji nyongeza inayouzwa mlangoni, hao tuwaulize maswali, tena kwa sauti.

Baada ya ile Jumatano nilikaa wiki 3 nzima naogopa kwenda Same. Desemba nikapanda basi. Shikamoo shangazi. Marahaba mwanangu, mbona umekonda hivo, hebu ingia. Hakuuliza nilikuwa wapi, akaweka makande mezani, yale ya maziwa anayopika yeye, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka kiukweli. Nikaomba kimoyomoyo, sikuvunja kitu wala kukemea kitu, nilishukuru kwa chakula tu, nikala mpaka nikamaliza. Ndo nikamwambia, shangazi nilikudhania mchawi. Akanyamaza muda mrefu, machozi yakamtoka, na mi nikalia nikamwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti jikoni kwake.

Kumbe alikuwa anajua. Kijana wa basi alimwambia tangu mwaka ule wa kwanza kwamba mizigo yake siichukui. Na yeye akaendelea kutuma, kila akishavuna.