Malalamiko Rasmi Dhidi ya Mistari ya Bafuni

Ningependa ieleweke tangu mwanzo kwamba sina ugomvi wowote na marumaru. Marumaru zimechomwa tanuruni kwa joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi, zimepakwa uso mgumu usiopitisha maji, na ukizifuta kwa kitambaa chenye sabuni hung'aa bila kinyongo kama siku zilipotoka dukani. Ugomvi wangu ni na mistari iliyo katikati yake, ile yenye upana wa milimita 3 hivi, ambayo siku ya kununua vifaa hakuna mtu aliyeitaja, na ambayo leo ndiyo inayoamua kama nyumba yangu ni ya watu safi au ya watu wa namna gani.

Hapa Mtwara, msimu wa korosho unapofunguliwa na fedha za minada zikaanza kuingia, kila mwenye nyumba hupatwa na homa ya kumalizia ujenzi. Mwenye magunia mengi hununua pikipiki, mwenye magunia ya wastani huezeka upya, na sisi wenye shamba la urithi tunalogawana na ndugu huweka marumaru bafuni, kwa kuwa bafu ni chumba kidogo na gharama yake inavumilika. Mke wangu na fundi walikaa kikao, mimi nikiwa mjumbe nisiye na kura, wakapitisha rangi nyeupe kwa hoja kwamba nyeupe huonyesha usafi. Hoja hiyo ni ya kweli, ila haikukamilishwa, kwa sababu kinachoonyesha usafi Jumatatu ndicho kinachoonyesha uchafu Jumanne.

Mstari huo, kwa wasioujua, hujazwa saruji nyeupe au ule unga maalumu ambao wauza vifaa vya ujenzi huuita grauti, na vyote viwili vina asili ya saruji. Saruji iliyokauka ina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo hunywa kila kinachopita juu yake. Fundi anayekoroga kwa maji machache hupata mchanganyiko mzito, ambao ni taabu kuupenyeza lakini ukikauka huwa mgumu. Fundi wetu alikuwa na miadi ya kazi nyingine Chuno mchana ule ule, kwa hiyo alikoroga kitu chepesi kama uji wa mgonjwa, akakimimina ukutani kwa furaha, akapangusa na kuondoka. Maji yale ya ziada yalipokauka yaliacha vitundu mahali yalipokuwa, na tangu hapo ukuta wangu una kiu isiyokwisha.

Na nyumba hii haikosi vya kuunywesha. Maji yetu ni ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, jiwe lile lile walilojengea wazee majumba ya Mikindani, kwa hiyo yanakuja na chokaa yake. Chokaa hiyo ikikutana na sabuni ya mche hufanya utando wa kijivu unaonata, ambao hautoki kwa maji kwa sababu maji ndiyo yaliyouleta. Binti zangu wawili wanasinga kwa liwa iliyochanganywa na manjano kila inapotangazwa harusi, na hapa harusi hutangazwa bila huruma, kwa hiyo kutoka usawa wa kiuno hadi sakafuni mistari imekuwa ya njano. Hina yao nayo imechagua kona ya karibu na bomba ikaweka makazi ya kudumu yenye rangi ya machungwa. Mimi mwenyewe nachangia mafuta ya nazi tu, lakini mafuta hayo, nimeelezwa kwa msisitizo mkubwa, ndiyo yanayoshika vumbi.

Juu ya hayo kuna kuvu jeusi. Kuvu linataka unyevu, chakula na hewa iliyotulia, na bafu letu limetimiza masharti yote matatu. Unyevu upo wa kutosha, hasa mvua zinapoanza mwezi wa Desemba na kila kitu ndani ya nyumba kikawa na ubichi, ukiwemo mkate na kitambulisho changu cha kazi. Chakula ni mabaki ya sabuni na jasho letu sote. Hewa ingeweza kupita kama dirisha lingefunguliwa, lakini dirisha hilo linatazamana na baraza la jirani, ambapo wazee hucheza bao kuanzia alasiri, na mke wangu ametamka kwamba halitafunguliwa maadamu bao linachezwa. Nimechunguza suala hili kwa makini na kugundua kwamba bao halina msimu wala siku ya mapumziko. Nilipopendekeza tutoboe matundu ya hewa karibu na dari, niliambiwa yatavuruga mpangilio wa marumaru.

Kazi ya kusugua iliangukia kwangu kwa sababu iliyoelezwa kuwa ni urefu wa mikono. Kila Jumapili, wakati wanaume wenzangu wanakwenda Shangani kupunga upepo wa bahari, mimi napiga magoti bafuni na mswaki mzee, nikisugua mstari baada ya mstari kwa rojo la magadi soda na maji. Kwa haki niseme rojo hilo linafanya kazi: unalipaka, unaliacha kwa muda, unasugua, unasuuza, kisha unakausha kwa kitambaa, na mstari unarudi kuwa mweupe kwa kiasi cha kumridhisha mtu mwenye macho ya wastani. Tatizo ni hesabu yake. Mistari haina mwisho, na nikifika wa mwisho, wa kwanza umeshaanza kubadilika rangi kwa sababu kuna mtu aliyeingia kuoga akiwa amepaka liwa.

Ushauri, hata hivyo, haujawahi kunipungukia. Jirani mmoja alinisifia asidi, ile ambayo mafundi huitumia kuondoa saruji iliyoganda juu ya marumaru, nami nikaomba kwanza kuona bafu lake. Marumaru zake zilikuwa zinang'aa ajabu, ila mistari haikuwepo tena, kwa kuwa asidi inayokula chokaa haibagui chokaa ya maji na saruji ya fundi. Ndimu na siki zina tabia hiyo hiyo, ila zinakula taratibu. Shemeji yangu yeye alishauri dawa ya klorini, ambayo kweli huondoa weusi wa kuvu, kisha akaongeza, kwa ile imani ya mtu asiyesafisha chochote, kwamba ningeichanganya na asidi ili kazi ziishe kwa mkupuo mmoja. Nilimweleza kwa utulivu kwamba mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na kwamba gesi hiyo iliwahi kutumika kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia, sembuse katika chumba ambacho dirisha lake halifunguliwi kwa sababu ya bao. Alinijibu kwamba mimi napenda kukatisha watu tamaa.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Newala. Huko juu kwenye uwanda wa Makonde wamekua wakijua bei ya ndoo, maana enzi zao maji yalifuatwa bondeni kwa miguu na kupandishwa mlima kichwani. Alinisikia nikisuuza ukuta Jumapili nzima. Kwa heshima ya ukwe hakuniambia mimi, alimwambia binti yake, kwa sauti iliyopimwa vizuri ili inifikie bafuni: "Mwanangu, huu ukuta unaumwa nini? Maana naona unaogeshwa kuliko watoto." Binti yake akajibu kwamba hayo ndiyo mambo ya kisasa, mama, na mimi nikaendelea kusugua mambo ya kisasa.

Hatimaye tumemwita fundi mwingine, mzee wa Mikindani asiye na haraka. Aligongagonga ukuta kwa ukucha, unga mweupe ukadondoka, akatikisa kichwa bila kumsema mwenzake, jambo ambalo kwa fundi ni ustaarabu wa kiwango cha juu. Alisema mistari yote itakwanguliwa, vumbi litolewe, kisha ijazwe upya kwa grauti nzito inayokandamizwa kwa mwiko wa mpira ukipitishwa mshazari, ili mwiko usizame kwenye mstari na kuchota kilichowekwa. Kwenye kona, kuta mbili zinapokutana, atapaka silikoni, kwa kuwa hapo nyumba hucheza kidogo na saruji haijui kucheza. Halafu, akasema, bafu lisiguswe na maji kwa saa 24.

Hapo ndipo mashauriano yalipokwama, kwa sababu wageni wa unyago wa mpwa wa mke wangu wanakuja kulala kwetu, na wageni hao hawajulikani idadi yao bali wanajulikana kupenda kuoga. Likabaki suala la rangi. Fundi alitoa mfukoni vipande viwili vya mfano, cheupe na cha kijivu. Mke wangu alishika cheupe. Mimi, nikikumbuka magoti yangu, nilishika cha kijivu kwa mikono miwili. Mama mkwe aliyekuwa akipepeta mchele pembeni akamuuliza binti yake bila kuinua macho:

"Muulize fundi, ya rangi ya udongo haipo?"

Ningemkumbatia, lakini ukwe hauruhusu. Fundi alisema ipo, dukani, na bei ni ile ile. Mke wangu alirudisha kipande cheupe mezani polepole, akasema tutazungumza baada ya minada.