HD 800 S ao LCD-X: hizi om 300 tuache kuziogopa

Mdogo wangu mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, amechanga falanga karibu miaka mitatu, anataka kaske moja tu ya maana ya kusikilizia muziki nyumbani, na sasa amekwama kati ya mbili, Sennheiser HD 800 S na Audeze LCD-X. Juzi ananiambia, "Yaya, kila mtu anasema ile ya Sennheiser hapa Lubumbashi haiwezekani, iko na om 300, bila ampli kubwa, mashine ya kukuza sauti, ya kuchomeka kwa ukuta haitoi sauti, na kurani yenyewe, huu umeme wetu, unaijua." Hii maneno ya om, kipimo cha jinsi kaske inavyouzuia umeme, nimeisikia mara mingi mno, njo maana naandika.

LCD-X sitaki kuionea, ni kaske ya nguvu. Ndani yake kuna utando mpana wa milimita 106, unasukumwa wote kwa pamoja kwa nguvu ya sumaku, kwa hiyo besi inashuka mpaka chini kabisa bila kuregea. Seben, ile sehemu ya gitaa na kucheza, ikifunguka, besi na ngoma zinakufika kifuani. Tena iko na om 20 tu, na sauti inafika desibeli 103 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati 1, telefone inaisukuma bila shida. Mtu anayeishi kwa ndombolo achukue hiyo, simpingi.

Lakini hizi om 300 watu wanazisoma vibaya. Om kubwa maana yake kaske inataka volti, haitaki wati mingi. HD 800 S ukiipa volti 1 inatoa desibeli 102, na hiyo ni sauti ambayo ukikaa nayo muda mrefu inaharibu masikio. Sasa piga hesabu: volti 1 kwenye om 300 ni miliwati 3 na kidogo, miliwati tatu! Hakuna ampli ya ukutani inahitajika hapo. Kale ka-DAC, kadude kadogo ka kugeuza muziki wa telefone kuwa umeme wa kaske, ka kuchomeka kwenye telefone, kale kanakotoa volti 2, kanakupeleka desibeli 108, na kanakula betri ya telefone tu. Mimi nimesikiliza hivyo, taa zimezimika mtaa mzima, niko kitandani na telefone juu ya kifua, na sauti sikuimaliza. Mwenye kusikiliza rekodi za okestra zilizorekodiwa kwa sauti ndogo sana atataka akiba zaidi, sawa, lakini hiyo ni tofauti na kusema haiwezekani.

Halafu kuna namba ambayo hakuna anayeitaja kabla ya kununua: LCD-X ni gramu 612, HD 800 S ni 330. Karibu mara mbili, na gramu zote ziko juu ya shingo yako. Robo saa ya kwanza huoni kitu. Mimi nilipoazimwa LCD-X, kwenye saa ya pili nilijikuta naishika kwa mkono mmoja kama mtu anayezuia kofia kwenye upepo, na ilikuwa mwezi wa 10, ule wa joto kabla mvua haijaanza, ngozi ya povu zake za masikio inanatia jasho mashavuni. Povu za HD 800 S ni za kitambaa laini, sikio lote linaingia ndani, unasahau.

Na kuna kitu kingine. Chukua zile rekodi ambazo Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Gitaa moja, gumba na kidole cha kwanza, unasikia kama watu wawili. Kwenye LCD-X nyuzi za gumba ziko na mwili, tamu. Kwenye HD 800 S nilisikia vidole vikitenganishwa, kucha ikigusa uzi mbele kidogo ya sauti yenyewe, na pumzi ya chumba nyuma yake. Nilirudia mara nne.

Kasoro yake naikubali: besi ni nyembamba, na kwenye sauti nyembamba za juu, karibu kilohezi 6, iko na ukali, hata kama toleo hili la 2016 lilipunguza ule wa HD 800 ya kwanza. Rekodi mbaya itakuchoma. Mimi naongeza desibeli 3 ao 4 za besi kwenye programu ya telefone na inatosha. Uzito wa gramu 612 hakuna programu ya kuupunguza.

Zote mbili ziko wazi nyuma, jenereta ya jirani utaisikia na mvua kwenye mabati pia, hapo hakuna mshindi. Ila povu za LCD-X zinabandikwa kwa gundi, za HD 800 S unazichomoa kwa vidole na kurudishia zingine, na hapa ambapo kila kipande kinakuja na mtu anayesafiri, mimi hiyo naihesabu.

Mdogo wangu nimemwambia aje Jumamosi, kurani iwepo isiwepo. HD 800 S ya rafiki itakuwa hapa, telefone yake mwenyewe njo itaisukuma.